Chai Kwanza, Halafu Zamu ya Usiku

Mchumba wangu Neema,

Marahaba, mjukuu wangu, shikamoo yako imefika hapa Bigwa. Shangazi yako na wanawe wamehamia Kihonda, kwa hiyo chai ya asubuhi sasa inafika jioni ikiwa bado kwenye chupa.

Unauliza kwa nini kila unachorekebisha kwenye programu kinafutika. Hata mimi yalinikuta, kiwanda chetu cha magunia kilipotangazwa kuuzwa. Felista, mwenzangu wa chumba cha kompyuta, alikuwa ameandika waraka mmoja wenye maelezo pamoja na vipande vya programu ya mishahara. Kompyuta ilichukua vile vipande tu na kuunda programu yenyewe. Alipopunguzwa kazi, nikabaki peke yangu. Nilirekebisha ile programu, lakini kila ilipoundwa upya kutoka kwenye waraka, kosa lilirudi. Nikawa namgombeza Felista kwa sauti, na hayupo.

Ndipo nikaona kwamba juu ya kila kipande aliacha namba ya aya kilikotoka. Nikaifuata mpaka kwenye waraka. Pale penye malipo ya muda wa ziada aliandika: "Kaka Deusi, ukifika hapa ujue hata mimi pamenisumbua. Kunywa chai kwanza, halafu angalia zamu ya usiku."

Nilicheka peke yangu, nikanywa chai, kisha nikaangalia zamu ya usiku. Kosa lilikuwa hapo hapo.

Basi na wewe rekebisha kwenye waraka inakotoka programu yako, mama, na uandike na sababu. Ipo siku mtu atabaki na waraka huo peke yake.

Ukipiga simu, piga saa ya chai.

Babu yako Deusi