Chupa Uliyonitumia Niionje

Mpendwa Baba Grâce,

Chupa imefika. Dereva wa lori la samaki aliniletea hapa Kashikishi jana asubuhi, imeviringishwa kwenye gazeti, pamoja na ujumbe wako kwa mdomo wake: "Baba Grâce anasema uonje, umwambie kama inafaa kwa ndoa yake. Ulimi yako haiwezi danganya."

Ndoa! Umeniacha na mitungi yangu, umempata muuza bia wa supamaketi huko Lusaka, na bado unautaka ulimi wangu. Kwa wivu, hata chai sikumaliza.

Unakumbuka tulipovuka ziwa na mpaka kutoka kwetu Pweto? Nilifunga mizizi ya munkoyo, ya kutengenezea pombe, kabla ya nguo. Nilipopika pombe yangu ya kwanza huku, watu waliiogopa kama sumu, pombe ya mgeni. Ukanishika bega ukawaambia: "Bibi yangu anaonjaka ya kwanza. Mwenye anaogopa, aende." Nilimaliza kikombe kizima nikikutazama wewe, si wao. Je, huyo muuza bia anakuonjea? Hapana, usinijibu.

Karatasi ya chupa inasema bia hii imetengenezwa kwa mikono, kidogo kidogo. Nyuma, kwa herufi ndogo, nikasoma jina la kiwanda kilekile kikubwa kinachojaza baa zote za hapa. Mikono ya nani? Yangu ina makovu ya moto mpaka kwenye kiwiko.

Kisha nikaitikisa barabara, kama tunavyotikisa pombe ya munkoyo ili machicha yapande. Nilipofungua, povu likaruka hadi ukutani na kulowesha kitenge changu cha kanisani. Jirani alicheka mpaka akakaa chini: "Mama, hii habatikisake!"

Nikaonja iliyobaki. Niliomba iwe mbaya, Mungu anisamehe. Ni nzuri. Mwanzoni ina uchungu kidogo, halafu inanukia ganda la chungwa. Nilikunywa mpaka tone la mwisho huku nikilia. Nilimchukia yeye, nikaichukia na chupa, kwa sababu itakaa kwenye meza yenu.

Ningeweza kusema haifai. Ungeniamini, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini sikuwahi kukudanganya kuhusu pombe, na sikutaka yeye awe sababu ya kuanza.

Inafaa, Baba Grâce. Inunueni.

Ila usinitumie nyingine. Nikionja tena, nitakudanganya.

Baki salama,
Mama Grâce, aliyekuwa bibi yako