Hewa Iliyobaki kwenye Rejeta

Jumamosi, 14 Juni 2025
Nimebadilisha mpira wa rejeta kwenye kirikuu, ile pikapu ndogo ya dada Yosefina wa Kibaoni, anayeleta ndizi kutoka Mkula na mumewe, Deus. Nimejaza maji mapya. Kutoa hewa — nusunusu. Mapovu yalikuwa bado yanapanda, nikafunga mfuniko. Mazoezi ya kwaya saa kumi, nilishachelewa. Nikawaambia gari liko tayari.

Jumatatu, 16 Juni
Kirikuu imechemsha njiani, karibu na Mkula. Deus akafungua mfuniko injini ikiwa ya moto. Maji yamemrukia usoni na kifuani. Amelazwa. Gereji nzima inasema kosa ni lake, dereva wa miaka yote hiyo ameshindwa kusubiri ipoe? Nimeitikia. Mimi, nimeitikia!

Jumanne, 17 Juni
Nimekwenda wodini. Jicho la kushoto limefungwa bandeji. Deus anasema nisihangaike, uzembe ni wake, mimi kazi yangu niliifanya. Akaomba nimshikie kikombe anywe uji. Nikamshikia mpaka kikaisha. Nilikwenda kumwambia kuwa hewa sikuimaliza kuitoa. Sikumwambia.

Jumatano, 18 Juni
Kirikuu imevutwa hadi gereji. Dada Yosefina hataki fundi mwingine, ananiamini mimi.
Nikainua pua ya gari kwa jeki, mfuniko wazi, nikajaza maji, nikawasha. Nikawa naminya mpira wa juu. Povu. Kimya. Povu tena. Nikaongeza maji, nikangoja feni iwake, izime, iwake tena. Zaidi ya saa nzima, mpaka maji yakatulia.
Dada Yosefina alikuwa amekalia tairi bovu, ananiangalia. Akauliza mapovu yale ni ya nini. Nikamjibu ni hewa, ikibaki ndani gari linachemsha.
Akainuka, akasogea karibu na rejeta.
"Jumamosi ulikaa muda gani kuitoa, fundi?"
Nikasema sikumbuki.
Akachukua chupa ya uji, muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umefika. Akasema nisiondoke, akitoka huko atapita. Leo daktari alikuwa amfungue Deus lile jicho.
Wenzangu wameondoka. Nimenawa mikono mara mbili. Naandika hapa kwenye benchi, maneno ya kumwambia sijayapata.
Namwona anavuka barabara. Anatembea polepole. Chupa ameishika kwa mikono miwili, bado imejaa, Deus hakuunywa uji. Lile jicho —