Masale ya Ukingo wa Themi

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini nikianza kukusemesha bila shikamoo utauliza tena kama kwetu Singida watoto hawafunzwi. Nimepanda mlima kuja kihambani, shambani kwenu, asubuhi hii, nimepalilia kaburi lako, nimefagia majani makavu ya migomba, na sasa nimekaa kwenye kile kigoda chako cha kubebeshea miche, ulichokalia ukiunga tawi la mti huu na shina la ule. Mguu wake mmoja bado mfupi. Mwanao alisema atautengeneza. Unamjua mwanao.

Nina hasira, Mama. Nakuambia mapema usije ukadhani nimekuja kulia. Nililia mwaka jana tulipokuzika, na nitalia tena, lakini leo nimekuja na hasira na sina mwingine wa kumpelekea. Mume wangu ananiambia niachane nayo, eti mto haukuwa wetu. Kweli, haukuwa wetu. Wala haukuwa wao.

Unakumbuka nilipoletwa kwako? Bibi harusi wa juzi, natafuta sifa. Nikaenda kuchuma mnavu nyuma ya nyumba, nikakosa kamba ya kufungia. Pale mpakani nikaona majani marefu ya kijani yanang'aa, nikakata moja, nikafunga fungu langu kwa fundo zuri, nikakuletea kwa mikono miwili huku nimepiga goti. Ukaniangalia. Ukaliangalia lile fundo. Kisha ukauliza taratibu, "Umefanya nini, mwanangu?" Nikasema nimechuma mboga. Ukacheka mpaka ukakaa chini, ukamwita mwenzako Bibi Elinaike aje amwone Mnyaturu aliyekuja kuomba msamaha kabla ya kukosa.

Ndipo ukanifundisha habari za sale. Kwamba kwenu Wameru ule si mmea wa kupamba. Ni mpaka wa shamba, ni alama ya kaburi, na mtu aliyekosa akikuletea jani lake limefungwa fundo, amekuja kuomba msamaha. Na sale halikataliwi. Hata kama aliyelileta ndiye aliyekuchomea nyumba, unalipokea. Nikauliza, je, kama sitaki? Ukasema hapo hakuna kutaka wala kutotaka. Tangu siku ile kila nilipovunja kikombe ulikuwa unasema, huyu tumeshamsamehe, akiba yake ipo.

Sasa nikupe habari za mto.

Kitalu chetu cha miche pale ukingoni mwa Themi hakipo. Nimeandika hivyo mara moja kwa sababu nikizunguka nitashindwa. Walikuja miezi michache baada ya mazishi, watu wa mradi, wamevaa fulana zinazofanana, wakatuitisha mkutano sisi wote tuliokuwa tukiuza miche na maua kando ya mto. Walikuja na picha kubwa iliyochapwa kwenye turubai. Mto safi, njia ya kutembelea, taa, viti, mtoto ameshika puto, Mzungu na mkewe wanakula askrimu. Niliitazama ile picha nikitafuta hata kichwa kimoja kilichofungwa kitenge. Sikukiona.

Lakini sitakudanganya, Mama. Nilipiga makofi. Mto ulikuwa umechoka. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiinua nepi za watoto kwa ncha ya jembe huku ukilaani mji mzima kuanzia Sombetini. Wakasema watausafisha, na wakasafisha kweli. Wakasema itakuwa bustani ya wananchi, kila mtu apumzike. Wakasema njia yetu ya kushukia majini itabaki, na sisi wenye vitalu tutapewa nafasi palepale, tena tutakuwa kivutio kwa watalii. Bibi Elinaike peke yake ndiye hakupiga makofi. Alisema amewahi kuambiwa mengi na vijana waliovaa fulana.

Kisha kikaja kijiko, lile tingatinga la kuchimba. Kilianza na masale yako. Yale uliyoyapanda mstari mzima ukingoni ili yashike udongo, na ili kila mtu ajue mwisho wa kitalu ni wapi na mwanzo wa mto ni wapi. Ulikuwa unasema ya mto tumwachie mto. Waliyang'oa asubuhi moja, wakayatupa kwenye lori pamoja na matairi mabovu na chupa. Nilimkimbilia dereva nikamwomba anipe. Alinihurumia, akaniachia mzigo mmoja. Ndiyo yanayoota sasa nyuma ya nyumba yetu.

Sisi tukapelekwa kwenye uwanja mmoja kule njia ya kwenda Nduruma. Ni pakavu, pana vumbi, na bomba moja linalotoa maji likijisikia. Nani anafunga safari kwenda kule kununua mche wa waridi? Ile miche ya parachichi, Mama. Ile uliyobebesha wewe mara ya mwisho, mikono imeshaanza kutetemeka, ukakataa nisikusaidie. Niliimwagilia kwa maji ya kununua. Niliihamishia kivulini. Ilikufa mmoja baada ya mwingine kwenye viriba vyake, na kila uliokufa nilikuwa naona ule utepe uliofunga kwa meno yako.

Wamebakiza nini pale? Wamebakiza kila kitu isipokuwa watu. Kuna uzio na geti. Bustani ya wananchi inaingiwa kwa tiketi. Njia ambayo wewe hukuwahi kumzuia mtu kupita imekuwa ngazi za mbao za kushukia kwenye mgahawa. Wale wanafunzi waliokuwa wakipita kunawa miguu wanachungulia kwenye wavu. Na yule rafiki yako Mama Kiran wa duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa anakuja kuchukua mche wa mrehani wa ibada zao za Kihindu, anakaa juu ya lile jiwe bapa la ukingoni na kuwasema wakwe zake huku ananitazama mimi kama ndiye shahidi, alikuja siku moja akaelezwa kwamba lile jiwe sasa ni la wateja. Alinisimulia dukani kwake kwa hasira. Maisha yake yote ameishi mji huu.

Mvua za kwanza zilipokuja, pale palipokuwa na masale ukingo ukakatika, njia yao mpya ikaning'inia. Wakamwaga zege. Mimi nilipita darajani nikaona, nikafurahi. Nisamehe, akiba yangu ipo.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonileta.

Siku ya uzinduzi ilipokaribia alinijia binti mmoja mpambaji, mwenyeji wa Dar es Salaam, mpole, ana haraka. Alielekezwa kwangu. Akasema, "Dada, nasikia unayo yale majani marefu ya kijani. Nataka ya kugawa kwa wageni, tutayafunga utepe mwekundu." Nikamuuliza nani atayagawa. Akasema bosi mwenyewe, ataanza na bibi zetu wa ukingoni, watawekwa mstari wa mbele, itapendeza kwenye picha.

Ningeweza kumwambia. Sikumwambia. Nilijisemea, acha bosi wake aende akachekwe mbele ya wazee. Nikamkatia masale yako, yale yale yaliyotoka kwenye lori. Niliyakata na kipande cha shina, maana ulinifundisha nisikate sale bila kuliachia uwezo wa kuota. Nawe ungesema huko kunyamaza ni roho mbaya. Sawa.

Basi siku ikafika. Mahema, zulia, muziki, bibi zetu wamekaa mbele wamevalishwa vitenge vya sare. Mimi niliruhusiwa kuingia kwa sababu nilimshika mkono Bibi Elinaike, ambaye magoti hayamsaidii tena. Nilisimama nyuma ya kiti chake. Yule bwana mkubwa wa mradi akaja na kapu la masale, kila moja limefungwa fundo la utepe mwekundu. Na kwa kuwa walimwambia awaheshimu wazee, alikuwa anainama, anatoa kwa mikono miwili.

Hakuna aliyecheka, Mama. Nilikosea kabisa hesabu zangu. Muziki ukipigwa, wale bibi wakawa wanapokea mmoja baada ya mwingine. Bibi Anaeli, aliyelazwa kwa presha siku kijiko kilipopita kwenye migomba yake, akapokea. Nikaona sasa imekwisha, wametuvunja, wametufukuza, halafu wamesamehewa kwa mkasi wangu mwenyewe, na hata hawajui.

Akafika kwa Bibi Elinaike. Yule aliyeapa kwamba hata salamu yao hataitika. Aliliangalia lile sale. Akanishika mkono, akasimama, akalipokea kwa mikono miwili. Bwana akatabasamu, akachukua jingine, akanipa mimi. Mama, niliiweka mikono yangu nyuma. Mbele ya wazee wa ukweni kwangu nililikataa sale. Likaanguka kwenye zulia. Bibi Elinaike akanitupia jicho moja tu, nikatamani ardhi inimeze.

Kisha akamgeukia yule bwana, ambaye alikuwa ameshaanza kuondoka, akamshika kiganja. Mshereheshaji alikuwa amesogeza kipaza sauti ili apate shukrani za bibi, kwa hiyo tulisikia wote.

"Nimelipokea, baba," akasema. "Sasa taja kosa."

Yule bwana akacheka kidogo, akasema karibu sana bibi. Bibi hakumwachia. Akamwambia kwamba anayeleta sale hutaja alichokosa, nao wanangoja. Na wale bibi wengine wakainuka kwenye viti, mmoja mmoja, kila mtu na jani lake kifuani. Hakuna aliyepiga kelele. Msaidizi wake mmoja, kijana wa Usa River ambaye bila shaka bibi yake alimlea vizuri, akamnong'oneza sikioni. Niliuona uso wa bosi ukibadilika. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba kama kuna mtu yeyote ambaye kwa namna moja au nyingine alikwazika na utekelezaji wa mradi...

"Hiyo ni hotuba," Bibi Elinaike akasema. "Taja kosa."

Hakutaja. Waliongeza muziki. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa, na kwenye picha zile bibi zetu wamesimama, wazuri, wanaonekana wanashangilia.

Hawakukaa kula pilau. Walitoka getini taratibu, nami nikimshikilia Bibi Elinaike, na tulipofika pale nje ambapo njia yetu ya zamani ilikuwa inaanzia, akaniambia nimwinamishe. Akafungua utepe, akautia mfukoni, akalichomeka sale ardhini, kando kabisa ya nguzo ya geti. Wengine wakafuata. Mimi nilikuwa najikunyata, nikamwambia nisamehe Bibi, nimewaaibisha. Akaniambia kwamba wewe, Mama, ulikuwa hujanimalizia lile somo. Kupokea sale si kufunga kesi, akasema. Ukilipokea, mwenzako ndiyo amefungwa, hana ruhusa ya kukaa kimya. Ulinificha, Mama? Au ulijua nitalijifunza siku nitakapolihitaji?

Yameshika. Mstari mzima, pande zote mbili za geti, yametoa majani mapya. Meneja ameamuru yang'olewe. Mlinzi wa kwanza mgongo ulimwuma siku hiyo. Wa pili alisema ana homa. Ni vijana wa mlimani wote wawili, na mmoja nimemkuta kwa macho yangu akiyamwagilia kwa chupa ya maji ya kunywa. Labda siku moja meneja atashika jembe mwenyewe. Akiyang'oa nitapanda. Akiyang'oa tena nitapanda tena, nyuma ya nyumba yetu yapo mengi, na Bibi Elinaike amesema magoti yake yakiisha kabisa atakaa kwenye kiti anielekeze.

Njia haijafunguliwa. Tiketi zinauzwa. Nisikupambie habari.

Lile sale langu, lililoanguka kwenye zulia, nililiokota tukitoka, kabla halijafagiwa. Sikulipokea mkononi mwake, kwa hiyo sidhani kama nimemfunga, na sitaki kulitupa, maana ni lako. Nimekuja nalo leo. Nimelipanda hapa miguuni pako, utepe wake nimeutoa. Siku yule bwana atakapokuja kusema, nilikosa, nilifunga njia ya watu, niling'oa masale ya mama huyu, niliwatupa watu na miche yao vumbini, siku hiyo nitapanda mlima, nitalikata na kipande cha shina, nitampa alilete upya, nami nitalipokea kama mtoto aliyefunzwa na wewe.

Lala salama, Mama. Kigoda nakichukua, mguu nitautengeneza mwenyewe. Hilo sale lishikilie wewe kwanza. Mikono yangu bado iko nyuma.

Mnyaturu wako.