Viti Viwili vya Mama wa Kambo

Mtaa wa Bustani 14,
Erfurt.
3 Aprili 2011.

Mpendwa dada Irmtraud,

Hujambo wewe na wanao? Goti limepona, au bado linakusumbua sasa baridi inapoanza huko Chile? Sisi hatujambo, ila mume wangu Eckhart ana mafua na analalamika kama mtu anayeaga dunia.

Leo nina furaha, dada, ingawa mambo yalianza kwa aibu.

Tangu harusi yetu mwezi wa Oktoba nimekuwa nikila kwenye kigoda cha jikoni. Kiti cha marehemu mke wa Eckhart kipo mezani. Hakuna aliyenikataza kukikalia, lakini nikikisogelea tu, binti yao Wiebke alikuwa ananikazia macho. Ana miaka kumi, na hakuwahi kuniita kwa jina lolote. Iliniuma, sikufichi.

Juzi tukaenda, mimi na yeye, kupanda maua kaburini kwa mama yake. Nilinunua trei ya maua yale yale yanayopandwa makaburini kote hapa baridi ikiisha, sikuwaza mara mbili. Langoni tukakutana na jirani yetu Bi Ottilie. Akaitazama trei, akanitazama mimi.

"Gerlinde, umekuja na wenzako?"

Ndipo nikakumbuka tunayaitaje: Stiefmütterchen, kimama cha kambo. Nimempelekea marehemu trei nzima ya mama wa kambo! Nilitamani ardhi inimeze, na pale isingechukua muda.

Wiebke akacheka. Akachuma ua moja, akaligeuza, akanieleza jina lilikotoka, kama mama yake alivyomfundisha. Petali kubwa ya chini ndiyo mama wa kambo, na kwa nyuma amekalia vijani viwili, ndivyo viti vyake. Binti zake wa kuzaa, petali za huku na huku, kila mmoja ana kiti chake. Wale wa kambo wawili, juu, wanabanana kwenye kimoja. Tukayapanda yote, tukamwagilia, tukarudi nyumbani.

Jioni nikawa navuta kigoda changu. Wiebke akakisukuma kando kwa mguu, akanisogezea kiti cha mama yake.

"Kaa hapa, Gerlinde. Mwenzako wa kwenye ua ana viti viwili. Wewe huna hata kimoja."

Nikakaa. Eckhart akapenga kamasi muda mrefu, akasingizia mafua.

Nisalimie shemeji Anselmo na mwanao Rosalba. Mungu akutunzie nyumba yako, na goti pia.

Mdogo wako anayekupenda, anayekuandikia akiwa amekikalia hicho hicho,
Gerlinde