Mzee Hhando Aliwasha Indiketa

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo mtu wa bima anakuja Karatu kuchukua maelezo yangu na mimi sijui nitasema nini.

Mume wangu Noel ni dereva wa watalii. Miezi miwili iliyopita tulikuwa tunarudi nyumbani na gari ya kampuni, yeye anaendesha, mimi nimekaa pembeni yake, simu yake ikaita, nikaona ni kaka yake Patrisi anapiga kutoka Rombo, nikamshikia simu sikioni, Patrisi akasema mama amezidiwa, daktari anataka ndugu waje, na Noel badala ya kusimama akaongeza mwendo, na mbele yetu kulikuwa na pikapu ya mzee Hhando wa Endabash imepunguza mwendo ikate kulia, indiketa inawaka, niliiona mshauri, niliiona vizuri kabisa, lakini Noel akatoka kuipita na tukamgonga ubavuni. Hakuna aliyeumia. Bampa yetu ilipinda, taa ya mbele ya pikapu yake ikavunjika.

Trafiki alipofika, Noel akasema mzee amekata kona bila kuwasha indiketa.

"Niliwasha," mzee akasema. Akanigeukia. "Mama, wewe ulikuwa umekaa mbele. Waambie tu ulichoona."

Nikasema sikuwa naangalia barabara.

Mama mkwe alifariki siku hiyo hiyo, hatukumkuta. Tuliporudi kutoka kuzika, majirani wakaja kutupa pole, na mzee Hhando naye akaja, amebeba kidumu cha maziwa, ameshuka kwenye bodaboda kwa sababu watoto wake wamemnyang'anya ufunguo wa pikapu, wanasema amezeeka. Akamshika Noel mkono, akasema, "Pole kwa mama. Na lile la barabarani, mwanangu, labda kweli nilisahau. Watoto wanasema siku hizi nasahau."

Noel akaangalia chini. "Yameisha, mzee," akasema.

Nikakimbilia jikoni nikalia. Wageni walipoondoka nikamwambia Noel hili si sawa, akanijibu, "Mama Eva, kampuni wakijua nilikuwa kwenye simu wananifukuza. Na simu wewe ndiye uliyenishikia." Tangu hapo hatuongei, hata habari za marehemu hatuzitaji, anakula anageukia ukutani, na mimi nampenda mume wangu mshauri, nikisema nitamwongezea msiba juu ya msiba, nisiposema namwona yule mzee kila nikifumba macho. Nifanyeje?

Mama Eva, Karatu

MAJIBU

Mama Eva, pole sana na msiba. Barua yako nimeisoma mara mbili na imeniumiza.

Sasa nisikilize. Hujaniuliza nani alikosa, maana unajua. Unaniuliza kama unaweza kunyamaza tena. Huwezi. Siku ile ulikuwa na mshtuko. Alhamisi utakuwa umekaa kwenye kiti, kalamu mkononi, na utakuwa unadanganya kwa makusudi. Gari gereji watainyoosha. Mtu mzima aliyeanza kuogopa akili yake mwenyewe kwa sababu yenu, nani atamnyoosha?

Mumeo simchukii. Alikuwa anampoteza mama yake, asingeweza kuona barabara. Lakini sasa hawezi kumlilia mama bila kuikumbuka ile simu, na simu haruhusiwi kuitaja. Ukimya wako haumlindi, unamfungia humo ndani peke yake.

Leo, mkishakula, mwambie: "Alhamisi nitasema nilichoona, na nitasema simu niliishika mimi." Usimwombe ruhusa. Ila mpe nafasi atangulie mwenyewe, kituoni na kwa bosi wake, aeleze ilikuwa simu ya nini. Anaweza kupoteza kazi, sikufichi. Akiipoteza, mtaubeba mzigo huo wote wawili, na wewe usimlaumu hata siku moja.

Halafu nenda Endabash. Usiridhike na karatasi ya bima, watoto wa mzee hawataisoma. Nenda Jumapili, wakiwa wote nyumbani. Noel akikubali, nendeni naye. Akikataa, nenda peke yako. Mwombe mzee radhi mbele yao, uwaambie kwa mdomo wako kwamba baba yao hakusahau kitu. Wakikufokea, usijitetee. Kaa hapo hapo mpaka wamalize.