Askari wa Risasi

Jumatatu, 3 Septemba 1951

Suruali nyeupe zimekwisha, kikosi kizima. Kesho mikanda ya kifuani. Hawa ni Waingereza wa zamani, wa makoti mekundu. Wafaransa wa bluu niliwamaliza kabla ya mfungo.

Majeshi yote mawili, vijiaskari vya kuchezea vya urefu wa kidole, yalikuwa ya marehemu baba yake Bwana Meneja wa shamba la mkonge. Yamekuja kwa meli ndani ya masanduku. Rangi imebabuka, askari wengine hawana pua, farasi wamekatika miguu. Nakwangua rangi ya zamani, naunga vilivyovunjika, napaka upya. Krismasi wageni wa Bwana watakuja kupigana mezani, juu ya mchanga, kwa dadu na rula. Watu wazima kabisa. Mwanzoni nilicheka. Sasa sicheki. Ni kazi nzuri kuliko kuandika namba kwenye matoroli ya mkonge juani.

Nafanyia hapa nyumbani Manundu, maana kwa Bwana mbwa wanaangusha kila kitu. Binti yangu Mwanaidi ananipangia askari mistari. Hajafika miaka minne, lakini anajua nani ana ngoma na nani ana bendera.

Leo hakula. Anasema tumbo.

Alhamisi, 6 Septemba

Tumbo tena. Choo hapati. Mke wangu Zaina kampa mafuta ya nyonyo, kayatapika.

Nimeyeyusha askari wabovu jikoni kwa Zaina, nikaunga miguu ya farasi. Ule moshi unakwaruza koo. Kiganja cha kulia kimechoka. Labda nimeinama mno.

Jumapili, 9 Septemba

Mama mkwe amefika kutoka Misima kwa lori la mahindi. Nilimwamkia nikiwa nje, kama ilivyo desturi, naye akaitikia akiwa ndani. Halafu nikamsikia amenyamaza ghafla. Alikuwa ameona askari dirishani.

Sikujua wangemtisha hivyo. Mumewe alichukuliwa Handeni kubeba mizigo ya jeshi, wakati Waingereza walipokuwa wakimfukuza Mjerumani. Hakurudi, na hakuna aliyeleta habari. Zaina alikuwa mchanga mgongoni.

Alimwambia Zaina kwa sauti, ili nami nisikie: “Mwambie mumeo vitu hivi vinamla mtoto.”

Nilikasirika. Ni vyuma na rangi tu. Nimesoma, siogopi sanamu.

Jumatano, 12 Septemba

Mwanaidi amepauka. Ndani ya macho peupe. Amekuwa mkali, anamwuma mama yake. Zamani hakuwa hivyo hata kidogo.

Mama mkwe ameomba ampeleke Misima kwa mtu anayemjua. Nilikataa asubuhi. Mchana mtoto alijikunja kama mdudu, analia bila machozi. Nikakubali. Wameondoka wote watatu. Mwanaidi alitaka kubeba mpiga ngoma wake. Bibi yake alimnyang’anya, akamwacha askari juu ya jiwe la mlangoni.

Jumatatu, 17 Septemba

Kazi. Mistari ya dhahabu mabegani kwa maofisa. Brashi ya nywele tatu, nailamba ncha ili ichongoke.

Nyumba kimya. Chakula kina ladha ya senti. Zaina hayupo, napika ovyo, labda ndiyo maana.

Brashi ilinianguka leo. Si kwamba iliteleza. Vidole vilikataa.

Jumapili, 23 Septemba

Barua ya Zaina, imeandikwa na mwalimu wa huko. Mtoto anakula. Anacheza na wenzake. Yule mtu wa Misima kasema kuna kitu kibaya nyumbani kwetu, kimekaa pembe ya dirishani.

Nimefurahi hadi nikakaa chini. Halafu nikatazama pembe ya dirishani. Wapanda farasi wako pale, wanakauka.

Sipendi nilivyojisikia.

Ijumaa, 28 Septemba

Wamerudi. Mwanaidi ana mashavu. Alinikimbilia njiani, akanishika miguu. Mama mkwe kabaki Misima. Amemwapisha Zaina asimwache mtoto karibu na “watu wale”.

Nimewahamishia chumbani, chini ya kitanda. Mwanaidi kawapata kabla sijanawa mikono. Nilimkuta kamtia mmoja mdomoni, ananyonya mkanda mweupe. “Tamu, baba,” anasema. Nikamtoa, nikacheka.

Jumamosi, 6 Oktoba

Tumbo limerudi. Siku chache tu baada ya kukanyaga hapa. Siwezi kujidanganya. Misima alipona, Manundu anaumwa.

Nimewageuza wote uso kwa ukuta. Mtu mzima, fundi, nageuza vijiaskari viangalie ukuta. Zaina aliniona.

Jumanne, 9 Oktoba

Naogopa. Naandika wazi.

Naogopa mikono yangu. Wa kulia ukiunyoosha, kiganja kinaning’inia. Naogopa kuingia chumbani. Naogopa kumwambia Bwana kwamba kazi imesimama, na naogopa kuiendeleza. Jana nilipaka makoti mawili, nikayafuta. Jirani amemwuliza Zaina kama nimegombana na mtu kazini. Kwa hiyo wanazungumza.

Mwanaidi anakaa mlangoni, anatazama kuku. Hainuki kuwafukuza.

Alhamisi, 11 Oktoba

Degedege. Mchana kweupe, tukiwa tunakula. Macho yaligeuka, meno yakauma ulimi, damu. Zaina alipiga kelele moja tu, halafu akaacha, akamshika kichwa. Mimi nilisimama. Nilisimama tu na tonge mkononi.

Kisha nikambeba mpaka hospitali. Mkono wa kulia haukuwa na nguvu, nikamlaza begani kushoto. Mzito ajabu, mtoto yule mwembamba. Njiani nilikuwa nasema naye. Sikumbuki nilisema nini.

Wamemlaza. Zaina yuko naye. Nimerudi kuchukua nguo.

Ijumaa, 12 Oktoba

Hana malaria. Wamepima damu mara mbili.

Daktari ni Mhindi, mwenye miwani, anasema Kiswahili taratibu. Aliuliza juu ya maji, chakula, mihogo. Halafu akainua mdomo wa Mwanaidi kwa kidole na kuangalia fizi kwa tochi. Pale jino linapotokea kuna mstari, kama wino wa bluu. Akamtazama Zaina. Mstari upo, hafifu. Akanigeukia.

“Fungua mdomo.”

Nikafungua. Akaangalia muda mrefu.

“Wewe unafanya kazi gani?”

“Fundi rangi, bwana daktari.”

“Nyoosha mikono.”

Kiganja kikaanguka. Akazima tochi. Nikamweleza yote: kukwangua, vumbi, kuyeyusha jikoni, kulamba brashi, mtoto kunyonya mikanda. Kila neno lilivyotoka nilitamani kulirudisha.

“Ni risasi,” akasema.

Zaina akaruka. “Risasi? Nani amempiga mwanangu?”

Daktari akamweleza kwa upole. Si ya bunduki. Ni lile bati lenyewe walilotengenezewa hawa askari, jina lake pia risasi, na limo ndani ya rangi, hasa nyeupe. Ni tamu kwa watoto. Linaingia kwa vumbi na kwa chakula, linakaa kwenye damu na mifupa. Mtoto linamfika kichwani.

Nikauliza kama atapona.

“Sijui,” akasema. “Akipita siku hizi bila kushikwa tena, tutakuwa na matumaini. Nyumbani asirudi.”

Jumapili, 14 Oktoba

Ameshikwa mara mbili. Baada ya mara ya pili hakunijua. Alinitazama kama anavyotazamwa mpita njia.

Wanampa maziwa na sindano. Anatapika maziwa. Mimi pia wananinywesha maziwa. Nayanywa kama mwizi.

Zaina hanilaumu. Ningependa anilaumu. Nakaa upande mmoja wa kitanda, yeye upande mwingine, katikati mtoto mdogo kiasi kile. Nikifumba macho naona mikono yangu inapukuta vumbi jeupe juu ya mkeka anaolalia.

Jumanne, 16 Oktoba

Mama mkwe amekuja. Safari hii hatukuweza kutazamana kwa heshima ya mbali, wodi ni ndogo. Nilisimama mbele yake, nikasema: “Mama, ulisema vinamla mtoto. Ulisema kweli.”

Nilingoja matusi. Alikaa kwenye mkeka, akavua viatu vyake, akashika mguu wa Mwanaidi.

“Kilichomla mume wangu sijakijua mpaka leo,” akasema. “Hiki angalau kina jina.”

Akalia kidogo, akafuta kwa upindo wa kaniki. Usiku hakutaka kuondoka, muuguzi akamwacha.

Ijumaa, 19 Oktoba

Siku ya pili bila degedege. Sithubutu kufurahi. Kila akipiga miayo moyo unanisimama.

Leo nimewapeleka askari kwa Bwana Meneja. Niliwafunga kwa magunia yaliyolowa maji, nikajifunga kitambaa puani. Mkokoteni. Watu wa Manundu walikuwa wananitazama kama nabeba maiti. Njia yote ya shambani nilikuwa naogopa. Atasema nimeharibu mali ya baba yake. Atanifukuza, atanipeleka polisi, nani atamlisha mgonjwa.

Bwana alikuwa barazani na mgeni wake, Bwana mmoja wa Reli atakayecheza upande wa Wafaransa Krismasi. Nikaeleza. Mgeni akacheka, akasema kitu kwa Kiingereza. Bwana hakucheka.

“Mimi nililala nao kitandani nikiwa mtoto,” akasema. “Mbona sikufa?”

Nikanyoosha mkono wa kulia, akaona kiganja kinavyoanguka. Alikitazama. Mgeni naye akaacha kucheka.

“Mtoto anaitwa nani?”

Mwanaidi, nikasema. Miaka yote ile hakuwahi kuuliza.

Akasema anaweza kunipa chumba kwenye ghala la zana, nimalizie huko, mbali na nyumba. Wekundu wamebaki nusu tu. Alisema kwa upole, na mimi sijawahi kumkatalia.

“Hapana, Bwana. Na kama utampa mwingine, tafadhali mwambie kwanza.”

Akaingia ndani. Nikamsikia akifungua kabati. Nadhani alisimama mbele ya kioo kutazama fizi zake. Aliporudi alikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga.

“Watapigana hivi walivyo,” akasema.

Jumatano, 24 Oktoba

Amesema “maji”. Neno la kwanza tangu wiki iliyopita. Zaina alimnywesha, halafu akanitazama mimi, usoni kabisa. Nilitoka nje nikaegemea ukuta wa jiko la hospitali.

Alhamisi, 1 Novemba

Nyumba tumeiacha. Nimeng’oa mikeka nikaichoma mbali, nikapata woga wa moshi wake pia. Nimekwangua sakafu kwa jembe, kiganja nimekifunga kwenye mpini kwa kamba, udongo nikaufukia shimoni. Mwenye nyumba kaniuliza kama nimeficha mali. Nilimweleza. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akasema nisimdai chochote na mimi nisidaiwe.

Sufuria ya Zaina nimeitupa. Ile aliyopewa siku ya harusi. Nilipikia risasi humo.

Daktari amesema rangi basi. Si mwaka huu tu. Basi. Nilianza kazi hii nikiwa na ndevu za kwanza. Ubao wa duka la Mzee Salimu pale sokoni ni mkono wangu. Nimepita leo, nikausoma kama mgeni.

Jumapili, 11 Novemba

Misima, kwa wakwe zangu. Mwanaume kuhamia ukweni, watu watasema. Waseme.

Mwanaidi katoka hospitali, anatembea akishika ukuta. Mguu wa kushoto anauburuta. Daktari alisema huenda ukarudi, huenda usirudi. Akilini yupo. Anawajua wote, anaomba uji, anadai hadithi. Lakini kuna maneno amesahau. Jana alitafuta jina la mbuzi mpaka akaona haya, akanyamaza.

Hofu haijaniacha. Nasikia akikohoa chumba cha pili na niko wima kabla ya kujua nimeamka. Chakula nakinusa. Mikono nanawa mpaka mama mkwe ananisema kwamba namaliza maji ya mtungi.

Jumamosi, 24 Novemba

Mvua imenyesha vizuri. Tumepanda mahindi kipande cha chini. Mimi nachimba kwa mkono wa kushoto, Zaina anatia mbegu na kufukia kwa mguu. Tunakwenda polepole. Hatukuzungumza sana, lakini alinichekea jembe liliponikwama.

Mchana Mwanaidi alimfukuza kuku uani. Hakushika ukuta. Hatua chache, akiburuta mguu, kisha akajikwaa akaanguka, goti likachunika. Akalia. Kilio kikubwa, cha hasira, na machozi mengi, kama mtoto yeyote aliyechunika goti.

Zaina alisimama katikati ya shamba na mbegu mkononi. Nami nikasimama. Hatukumkimbilia mara moja. Tulisikiliza.