Nani Amemtuma Kunigunda Kuchimba Ngoro?

Maguu,
Mbinga.
20 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Tadei,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako nimeshaiitikia, maana nakujua, ungeisahau. Mkono wa kushoto unaendeleaje tangu kile kiharusi? Umeanza kushika kikombe, au bado mkeo Vitalia anakunywesha chai kama ndama? Sisi tu wazima. Goti langu linalia kama mlango mbovu. Mdomo, anasema shemeji yako Emerensiana, haujapata ugonjwa wowote.

Sasa nakuuliza, na usinidanganye: ni wewe uliyemtuma binti yako shambani?

Tangu Kunigunda ahamishiwe zahanati yetu, nilimjua kama muuguzi wa kupanda bodaboda hata kwenda dukani. Ghafla, kila Jumamosi anapandisha mlima kwa miguu, kavaa raba, jembe begani, anachimba ngoro, yale mashimo yetu ya kuzuia mvua isibebe udongo, kwenye mteremko wa marehemu baba. Tena upande wako, ambao nimeulima mimi tangu uhamie Tabora! Mtu ana mshahara, haweki kibarua, haombi hata mgawo wa maharage. Nikasema hapa kuna jambo. Unajua kwetu: anayechimba ngoro leo, kesho anasema shamba ni lake.

Nikajificha kwenye mibuni nimchungulie. Anachimba, anahema, anashika kiuno, anachimba tena. Nikatokea.

"Mwanangu, sema ukweli. Baba yako anataka shamba?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Baba mkubwa, nina presha. Daktari wa Mbinga kanipa dawa, kaniambia na mwili niutumikishe. Nikikimbia barabarani wagonjwa wangu watanicheka."

Sikuamini hata kidogo. Huyu anayetuhubiria kila siku tupunguze chumvi, tufanye mazoezi, yeye ndiye awe na presha?

Jumatatu nikaenda zahanati, nikajitia kizunguzungu. Akanipima: presha yangu nzuri kuliko ya vijana. Nikang'ang'ania kiti. "Sitoki mpaka na wewe upimwe, nione kwa macho yangu." Mwenzake, Bonifasia, akafunga mlango, akamfunga kile kitambaa cha kipimo mkononi. Mashine ikakoroma, namba ikatoka. Mimi nilitegemea wacheke. Hakucheka mtu.

"Hata yangu iko juu, mzee," Bonifasia akasema. "Kutwa kwenye viti hivi, zamu ya usiku soda na maandazi. Sisi nani anatupima?"

Tadei, nikaukumbuka mkono wako. Wewe ulianguka bila kujua kinachokuja. Mtoto anajua, anapigana nacho kwa jembe, na mimi mzee mzima nimejificha kwenye mibuni nalinda udongo.

Alinikataza nisikuambie, anaogopa utaugua zaidi. Basi usimpigie simu kumgombeza. Upande wako auchimbe wote. Jana nimekata nyasi, nimezipanga miraba kama inavyowapasa wanaume, yeye akute kazi ya kuchimba katikati na kuzifukia tu. Maharage tutagawana, hapo sijalegea.

Keshokutwa anakuja na Bonifasia, naye na jembe lake. Huyo sasa katumwa na nani?

Msalimie Vitalia na mjukuu wetu Praygod. Emerensiana anawakumbuka wote. Mungu akurudishie huo mkono, uje tugombanie shamba kwa mikono yote miwili.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukutilia shaka,

Othmar